Barua Iliyolala Siku Tatu

Jumatatu, tarehe 2 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeamua kuwa mtulivu, na nataka kuanza leo hii, kwa hiyo tafadhali nijibu upesi.

Najua unacheka. Cheka umalize, kisha uendelee kusoma. Leo asubuhi msimamizi wa saiti ameniita ofisini kwake, lile kontena lenye feni inayolia, akanipa karatasi. Onyo la mwisho. Kosa lenyewe ni la Ijumaa. Nilikuwa juu kwenye winchi, bando la nondo linaning'inia, na mwongozaji wangu aliyeko chini akaniambia kwenye redio nishushe. Halafu akasema ngoja. Halafu shusha. Halafu ngoja. Nikamuuliza kama huo mdomo ni wake au ameuazima. Nikamuuliza na mengine, siyaandiki. Nilisahau kwamba redio zile zinasikika saiti nzima, na siku hiyo walikuwepo wageni wa kukagua jengo, na kofia zao mpya vichwani.

Msimamizi hakufoka, afadhali angefoka. Alisema taratibu kabisa kwamba hajawahi kuona mtu anayeendesha winchi vizuri kama mimi, wala mtu anayemtia tumbo joto kama mimi. Nikirudia mara moja tu kabla mwezi wa tatu haujaisha, nitashuka ngazi zile nisipande tena.

Kaka, unajua nilivyohangaika kukipata kile kiti. Miaka sita nilikuwa chini nafunga mizigo ya wengine. Kule juu, mita arobaini, vioo pande zote, ndipo mahali pekee ninapojiona nina akili timamu. Sitaki kushuka.

Wewe ni mtu mtulivu kuliko wote ninaowajua. Hata ile siku tuliyogombana kwenye simu, nilipokutukana mpaka nikakohoa, ulisema tu, "Kuanzia leo simu iwe ya msiba au harusi. Mengine tuandikiane." Nikadhani umenichoka. Sasa mwaka wa pili huu tunaandikiana na hatujagombana hata mara moja. Nimekubali, una kichwa. Nifundishe.

Mdogo wako,
Kiberiti

N.B. Jina hili mlinipa wenyewe nyumbani nikiwa na miaka minne, kwa hiyo msijifanye mnashangaa.


Jumatatu, tarehe 9 Februari

Kiberiti, mdogo wangu,

Marahaba. Umesema nijibu upesi. Barua yako ilinifikia Alhamisi na nikajibu Alhamisi hiyohiyo. Kisha nikaiweka barua juu ya kabati siku tatu, nikaisoma tena, nikafuta nusu. Hii ndiyo iliyobaki. Ile nusu nyingine ilikuwa ya kukusema, na nashukuru haikufika.

Kazi yangu unaijua. Nazunguka na sanduku la mawe ya mizani, sokoni, viwandani, zahanati, kuhakikisha kilo ya watu ni kilo kweli. Anayeanza kazi hii hukosea kosa lilelile kila siku: anaweka jiwe, mshale unaruka, na yeye papo hapo anaandika namba. Anaandika kwa ujasiri, na mwandiko mzuri. Lakini mshale ulikuwa bado unacheza. Alichoandika si uzito wa kitu, ni mtikisiko wa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa ile ulisoma mshale unaocheza. Mwongozaji wako alisema shusha, akasema ngoja, nawe ukaandika kwamba ni mjinga. Pengine kuna mtu alikatiza chini ya mzigo. Ulimuuliza?

Sisemi usikasirike. Mizani ambayo mshale wake hauchezi kabisa haijatulia, imeshika kutu, na huwa naifungia. Nasema tu mshale uache ucheze, uutazame, usiandike chochote mpaka usimame. Kwa kuanzia fanya haya. Kwenye redio, ondoa kidole kwenye kitufe uhesabu hadi kumi. Jioni ukitoka kazini, zima simu uifungie kwenye kopo, maana nakujua, nusu ya ugomvi wako unauanzisha ukiwa umelala kitandani. Na kila barua unayoandika ilale siku tatu kabla ya kuiposti, hata kama unaona ni ya kawaida. Barua ya kawaida ndiyo mbaya zaidi.

Mimi nitakuja huko mwishoni mwa mwezi wa tatu, kwa ukaguzi wangu wa kawaida. Ile mizani ya watoto pale zahanati, jirani na saiti yenu, inafanya kazi vizuri? Nesi anayeitumia hajalalamika? Nauliza kwa sababu ya kazi.

Kaka yako


Jumamosi, tarehe 21 Februari

Kaka,

Shikamoo. Inafanya kazi! Siyo mizani, subiri, mizani nakuja kuisema. Ni hesabu ya hadi kumi.

Ijumaa ya wiki iliyopita mwongozaji kaanza mambo yake, shusha, ngoja. Nikaondoa kidole. Moja, mbili, tatu. Nilipofika sita tusi lilikuwa tayari. Nilipofika tisa nikatazama chini vizuri, nikaona fundi bomba anatembea chini ya mzigo wangu, anakula karanga, hana habari na mtu. Kwenye kumi nikabonyeza kitufe nikasema, "Nimemwona. Asante." Kisha mwongozaji akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeguswa na baridi, kama kweli ni mimi niliyeko juu.

Kaka, sikulala vizuri kwa furaha. Miaka yote nilikuwa na wazo kwamba yule bwana ananichezea akili, kumbe anaokoa watu. Nimefanya mangapi mengine hivihivi, nimeyaandika mshale ukiwa unacheza? Nimekaa nikayahesabu: shangazi, yule mwenye nyumba wa kwanza, fundi cherehani na gauni langu. Nilitaka niwaandikie wote siku hiyohiyo niwaombe msamaha. Nikakumbuka siku tatu. Zilipoisha niliwaandikia wawili. Fundi cherehani hapana, gauni nimelipima tena na kosa ni lake.

Simu nayo inalala kwenye kopo la vifungo, juu ya rafu. Jioni zangu zimekuwa ndefu ajabu. Juzi nimekaa dirishani natazama maji yanavyochemka kwenye sufuria, nikaona raha, mimi.

Ila leo nami nikufundishe kitu. Upepo ukipiga, mzigo kwenye winchi unaanza kuyumba. Asiyejua huuvuta kurudi nyuma. Akiuvuta, unazidi. Na huku kwetu ukisema usubiri utulie wenyewe, utakesha, kwa sababu upepo hauishi. Unachofanya ni kuufuata. Unapeleka mkono wa winchi upande uleule unaokwenda mzigo, na mzigo ukifika mwisho wa safari yake, wewe unakuwa umeshafika juu yake. Hapo hapo unanyooka wima na kutulia tuli. Msimamizi anasema hicho hakifundishiki. Nakutajia tu, kwa sababu wewe mizani zako zote zimefungwa sakafuni na hujui upepo ni nini.

Sasa hiyo mizani ya watoto. Nimemuuliza Nesi tulipokuwa tunakunywa chai ya saa saba, akaleta daftari lake la ukaguzi. Umeikagua mara kumi na sita kwa miaka minne, kaka. Haijawahi kukosea hata gramu moja. Mizani ya duka la saruji, ambayo mtaa mzima unajua inaiba, umeikagua mara mbili. Nimehesabu hadi kumi na bado nauliza: una nini na Nesi?

Kiberiti (sasa mtulivu)

N.B. Barua hii imelala tangu Jumatano. Nimeisoma tena nikaona iko sawa kabisa.


Jumamosi, tarehe 28 Februari

Kiberiti,

Marahaba. Umenifurahisha na fundi bomba wako kuliko unavyodhani. Niliisoma ile sehemu nikiwa nimesimama mlangoni, nikacheka peke yangu, jirani akaniuliza kuna heri gani.

Kuhusu Nesi, aya hii nimeifuta mara nne. Nikikataa utajua naongopa, kwa hiyo basi.

Ni kweli. Tangu mwaka ule wa kwanza, aliponiambia kwamba jiwe langu la kilo mbili ni zito kuliko mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, akalipakata kama mtoto kuona kama litamfaa. Lakini sijui yeye ana nini nami. Siku nyingine anachelewesha foleni ya akina mama ili anisimulie jambo. Siku nyingine ananiambia, "Fundi, saini hapa," bila kuinua macho. Mshale unacheza. Mimi si mtu wa kuandika namba mshale ukicheza, na hili nalo ni zito kuliko vyote nilivyowahi kupima. Nikisema nikakosea, sitapoteza tu jibu. Nitapoteza hata hizo siku nne kwa mwaka.

Kwa hiyo nangoja. Nikiwa na hakika nitasema. Pengine safari hii, pengine ile ya mwezi wa sita. Naomba usimwambie chochote. Najua nakuomba jambo gumu.

Lile la mzigo na upepo nimelisoma mara tatu. Sikulielewa vizuri, lakini limekataa kunitoka kichwani.

Kaka yako


Alhamisi, tarehe 5 Machi

Kaka,

Shikamoo. Soma ukiwa umekaa.

Nesi ameniambia jambo leo na akanikataza nisikuambie. Nakuambia. Amechaguliwa kwenda kuongoza wodi ya wazazi kwenye hospitali ya mbali, safari ya siku mbili kutoka hapa, kwa miaka mitatu. Lazima aposti barua ya jibu kabla ya Ijumaa tarehe 13, saa sita mchana. Karatasi anayo mfukoni mwa koti lake la kazi, nimeiona, ameikunja mpaka imechakaa.

Nikamuuliza kama ana sababu yoyote ya kubaki. Kaka, alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Sababu yenyewe huja mara moja kila miezi mitatu, na sanduku la mawe, inakagua mizani nzima, halafu inaondoka."

Umesikia? Sikumchokonoa, sikumwambia neno lako hata moja, nakuapia. Nilikunywa chai yangu. Niliondoa kidole kwenye kitufe. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga kama mashine ya kuchanganyia zege.

Wewe mwenyewe uliandika kwamba mshale usiocheza kabisa umeshika kutu. Miaka minne, kaka. Mizani gani inachukua miaka minne kutulia? Njoo umzuie. Usisubiri mwisho wa mwezi. Nilitaka kutoa simu kwenye kopo, nikakumbuka masharti: si msiba na wala si harusi. Kwa hiyo naandika. Njoo.

Kiberiti

N.B. Jumapili, tarehe 8. Barua hii imelala siku tatu kamili. Ilikuwa mateso, nilikuwa napita hapo kwenye rafu naitazama kama mtu mwenye njaa, lakini sikuigusa. Ingekuwa zamani ningekimbia nayo posta bila viatu. Nimeisoma upya, sijafuta hata neno. Naiposti kesho asubuhi. Najivunia sana, na nadhani nawe utajivunia.


Alhamisi, tarehe 12 Machi, stendi ya basi

Kiberiti,

Barua yako nimeipata leo saa nane mchana. Mwisho ni kesho saa sita.

Umeilaza siku tatu. Nimesimama hapa na sanduku langu sijui nicheke au nilie. Kosa si lako, mwalimu wako ni mimi. Nilikufundisha kungoja na sikukufundisha kitu cha kutongojea, kwa sababu mimi mwenyewe sikijui.

Basi linaondoka saa kumi na kufika asubuhi, likifika. Nimefikiria kukupigia, lakini bado si msiba na si harusi. Sijui nitasema nini. Nimebeba mawe kwa mazoea tu.

Barua hii hailali. Naitumbukiza kwenye sanduku la posta sasa hivi.

Kaka


Jumamosi, tarehe 14 Machi

Kaka,

Shikamoo, popote ulipo. Kijibarua chako cha stendi kimenifikia leo, wewe mwenyewe nilikuona jana. Naituma barua hii nyumbani kwako kwa sababu sijui pengine pa kuituma.

Nakuuliza kwa utulivu mkubwa: nini kimetokea?

Nakueleza nilichoona. Jana saa tano na nusu nilikuwa juu, ndoo ya zege kwenye kulabu, tani mbili, naipeleka ghorofa ya tisa. Upepo ulikuwa unasukuma tangu asubuhi. Nikatupa jicho uwanja wa zahanati nikaona mtu anavuka mbio, sanduku linampiga gotini. Ulivyo mdogo ukiwa chini, ungedhani mtoto kachelewa shule. Nesi akatoka mlangoni. Na wakati huohuo ndoo ikaanza kuyumba, na mwongozaji akasema shusha. Akasema ngoja.

Kaka, nilitaka kutazama. Sijawahi kutaka kitu hivyo. Lakini watu wanne walikuwa wameinua mikono kuipokea ile ndoo. Nikaondoa kidole kwenye kitufe na macho nikayaondoa kwenu. Nikaufuata mzigo kulia, nikauwahi, ukanyooka. Nikamuuliza mwongozaji kama njia ni nyeupe. Akasema bado. Nikangoja. Akasema sasa. Niliweka zege ile chini polepole hadi mafundi wakasema hawakusikia hata mlio. Jioni msimamizi aliniita kwenye kontena, akachukua lile onyo kwenye faili, akaliangalia, akalipasua vipande viwili.

Ila mchana, saa saba, nilipogeuka kutazama zahanati, uwanja ulikuwa mtupu. Limebaki sanduku lako tu, getini, wazi, mawe yote yako juani.

Nikashuka ngazi zote bila kupumzika. Mkuu wa zahanati akasema Nesi ameposti barua yake ya kukubali, akaomba ruhusa ya siku nne, akaondoka na begi. Ameondoka na nani, nikauliza. Na yule wa mizani, akasema, amembebea begi.

Umembebea begi. Umesafiri usiku kucha ili umbebee begi? Ndivyo ulivyo, kaka, una adabu mpaka unatia hasira. Ulitakiwa umzuie. Nimelichukua sanduku lako, liko chini ya kitanda changu. Nimelia kidogo. Simu nimeitoa kwenye kopo mara mbili na kuirudisha, imezimwa, kwa sababu nikikupigia nitakuwa nimetangaza msiba, na sitaki uwe msiba.

Najilaumu. Siku tatu zile ni zangu.

Kiberiti


Jumatatu, tarehe 16 Machi

Kwako wifi yangu,

Umeliona hilo neno? Lisome tena. Naandika nyumbani kwa mama yangu, na kaka yako yuko uani anamtengenezea mama mizani yake ya jikoni. Haikuwa mbovu. Anasema mikono yake inahitaji kazi.

Najua hukai bila habari, kwa hiyo nakueleza yote. Ijumaa alifika na jasho, akasema amekuja kukagua mizani. Nikamwambia zamu yake ni mwisho wa mwezi. Akasema najua. Akaweka jiwe la kilo mbili, mshale ukawa unaruka huku na huku. Mimi nikashika daftari, nikangoja atangaze namba. Miaka minne nimemwona akisimama pale kama nguzo mpaka mshale utulie. Safari hii hakungoja. Mshale ukiwa bado unacheza alisema, "Nakupenda, na sijui kama wewe unanipenda, na naona saa imekwenda."

Wifi, nilikaa kwenye kiti cha akina mama.

Nikamwonyesha karatasi. Nikadhani ataniambia nisiende, na nilikuwa nimeshajiandaa kukasirika. Kwa sababu kazi ile naitaka. Nimeitaka tangu nikiwa mwanafunzi. Sikukuambia hivyo siku ile ya chai, nilikuambia ile sababu ya kubaki tu, na naona ulidhani kubaki ndiyo furaha yangu. Yeye hakuniambia nisiende. Alisema dada yake wa kwenye winchi alimwandikia kwamba mzigo ukiyumba hauvutwi nyuma, unafuatwa mpaka winchi iwe juu yake. Alisema ameisoma barua ile mara tatu na hakuielewa mpaka kwenye basi, alfajiri. Kisha akaniuliza kama kule ninakokwenda kuna mizani. Nikamwambia ziko nyingi na zote mbovu. Akasema basi posta iko wapi, twende tukaikubalie kazi kabla ya saa sita.

Tulifika saa sita kasoro dakika nne. Mawe aliyasahau getini, na hakuyakumbuka hadi jioni, ndani ya basi la kuja kwa mama. Nilipomuuliza kama turudi, akasema mtu wa kuyaona kutoka juu yupo.

Mama alitutazama siku mbili bila kusema ndiyo wala siyo. Jana jioni alikubali tuoane. Tangu hapo tumekupigia simu mara kumi na moja. Imezimwa. Kaka yako anacheka na kulia kwa pamoja, anasema hilo nalo ni fundisho lake mwenyewe linalomrudia. Anakusalimu, na anasema lile sharti mmelishika vizuri, hakuna aliyelivunja, na hatuombi ulivunje.

Hii si simu ya msiba, wifi. Itoe kwenye kopo.

Wifi yako,
Nesi